Matete ya Mama Yako

Skola mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Saa hii u mzima, umejipaka sabuni mpaka masikioni, na unacheka. Nakusikia kutoka hapa barazani. Wewe na mama yako mmeshuka kuoga kwenye matete tangu jua lilipoanza kuinamia ziwani. Niliwaambia mfanye haraka, kuna sanduku la kufunga. Mama yako akanijibu kwamba sanduku halina miguu, litasubiri. Basi mimi na sanduku tumebaki tunatazamana.

Naona wivu. Nimeona niutaje mapema ili usinisumbue njiani. Kesho asubuhi gari la Mbinga litakuchukua, na saa za mwisho za kukaa na wewe mmezipeleka mahali ambapo mwanamume hakanyagi. Mnaongea nini huko sijui. Najua tu kwamba ningetokea, mngenyamaza.

Sitakuandikia habari za kula, kusali wala kuchagua marafiki. Hayo mama yako ameyasema, padri atayarudia, na wewe hukuwa mtoto wa kuambiwa mara mbili. Nakuandikia habari za ukuta.

Uliporudi kutoka kwenye usaili wa chuo cha ufundi, ulitusimulia jinsi wale wakubwa walivyokuuliza kwa nini msichana anataka kusomea ujenzi. Ukawajibu, "Kwa sababu baba yangu alijenga ukuta uliolizuia ziwa lisimeze kijiji chetu." Ukasema walitikisa vichwa kukubali, na mmoja wao akaandika. Mama yako alikuwa anachambua dagaa wa usipa kwenye ungo. Hakuinua macho. Mimi nikacheka, nikasema, "Basi umenipandisha cheo." Kisha nikatoka, nikasimama nyuma ya nyumba mpaka chai yangu ikapoa.

Ukuta ule haukulizuia ziwa, Skola. Aliyelizuia ni mama yako. Na ningeweza kukuacha uondoke bila kulijua hilo, maana ndilo jambo pekee ambalo machoni pako nimemzidi. Mengine yote anayo yeye: mapishi, nyimbo, lugha mnayosengenyea, matete. Mimi nilikuwa na ukuta. Nimeushikilia miaka yote hii kama mtu aliyeokota kitu sokoni anayetumaini mwenyewe hatatokea.

Unajua kwamba mimi si mtu wa ziwa. Nilizaliwa juu, Umatengo, kwenye baridi na kahawa. Nilishuka huku kijana, na mfuko wa zana, kujenga darasa. Mama yako akapita na ndoo ya maji kichwani, na darasa lile likachukua muda mrefu kuliko lilivyostahili. Tulipooana nikabaki hapahapa kwao. Kaka zangu walinicheka mpaka wakachoka, eti mwanamume mzima ameolewa, tena kando ya maji, na hata kuogelea hajui. Mama yako alinifundisha Kinyasa neno kwa neno, akinicheka kila siku. Nilikipenda kicheko kile kwa sababu nilidhani ni changu peke yangu.

Halafu akaja Bwana Samaki.

Ndivyo kijiji kilivyomwita yule ofisa wa uvuvi, na inatosha. Alikuwa kijana mwembamba, mwenyeji wa vijiji vya kusini vya ziwa hilihili, mwenye baiskeli inayong'aa na soksi nyeupe. Soksi nyeupe, mwanangu, katika kijiji ambacho kuku wenyewe wanatembea mchangani. Alimsalimu mama yako kwa Kinyasa cha ndani ambacho mimi sijakifikia hata leo, akamwambia jambo, mama yako akacheka. Kilikuwa kicheko kilekile.

Baada ya hapo nilianza kuhesabu muda anaokaa kuogani. Matete ya akina mama yalikuwa manene zamani zile, yanaanzia pale penye ule mti wa mkuyu mpaka karibu na kijito, marefu kuliko mtu. Kutoka barazani huoni kitu ndani yake. Na mara tatu nilimwona Bwana Samaki amesimama juu kwenye kijia, baiskeli imeegeshwa, ameyapa matete mgongo, mikono nyuma, anaongea. Anaongea, anasubiri, anacheka, anaandika kwenye daftari. Sauti iliyokuwa inamjibu kutoka ndani ilikuwa ya mama yako.

Mtu mwenye akili angeuliza. Mimi niliona haya kuuliza. Wivu wenye haya ndio mbaya kuliko wote, kwa sababu ukikosa pa kutokea hujitafutia kazi nyingine, na mimi kazi yangu ilikuwa kujenga.

Kazi yenyewe ilikuwepo. Huo ndio ulikuwa wakati biashara zilipofunguliwa. Maduka ya Mbinga yaliyokuwa na rafu tupu yakajaa, na malori yakaanza kushuka kufuata usipa. Kila nyumba ikataka vichanja vya kuanikia, na vichanja hutengenezwa kwa matete. Matete ya mwaloni, kule mitumbwi inakopaki, yakaisha katika misimu miwili. Upepo wa kusini ulipokuja na mawimbi yake ya miezi ya baridi, ufuko wa mwaloni ukaanza kumeguka, leo hatua moja, kesho mbili, mpaka ukakaribia uwanja wa shule. Hakuna aliyeyaunganisha mambo hayo mawili ila wanawake, na wanawake hawakuulizwa.

Na saruji ilikuwa imerudi. Wewe huwezi kujua maana yake. Nilijifunza uashi wakati mfuko mmoja wa saruji ulihitaji kibali chenye mihuri, nikajenga nusu ya maisha yangu kwa udongo huku nikiota saruji. Sasa ilikuwa dukani, inauzwa kwa yeyote. Kipya kinyemi, wanasema, na mimi nilikuwa na njaa nayo kama mtoto aliyeona sukari. Ningejenga ukuta hata kuzunguka mwembe usioibiwa.

Mwenyekiti wa kijiji akaita mkutano. Nikasimama mbele za watu na methali yangu tayari mdomoni: usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wakaitikia. Nikasema tujenge ukuta wa mawe na saruji, na tuanzie kwenye matete ya akina mama. Nilikuwa na sababu nzuri. Nikasema matete yanaficha nyoka na kenge, na siku moja yataficha mamba, na kwamba tutawajengea mama zetu ngazi za saruji wafue kwa starehe kama watu wa mjini. Wanaume wakapiga makofi.

Mama yako akasimama. "Shikamoo mwenyekiti. Ziwa linakula mwaloni, kule kulikokatwa matete. Kwetu tunakooga halijala hata hatua. Mbona dawa anapelekewa asiyeumwa?"

Swali lile lilikuwa limenyooka kuliko timazi yangu. Nikasema, "Mama Skola, haya ni mambo ya kiufundi." Watu wakacheka, naye akakaa. Nilifurahi, Skola. Nakiri kwamba nilifurahi, kwa sababu Bwana Samaki alikuwa amesimama pale nyuma na alisikia.

Siku ya kufyeka nilikwenda mapema na panga langu kabla ya vijana kufika. Nilitaka kuona kwa macho yangu mahali palipokuwa panamkalisha mke wangu. Nikakata njia, nikaingia mpaka magotini. Maji yalikuwa yametulia, ziwa zima linapiga nje lakini mle ndani hata sabuni isingesogea. Chini mchangani kulikuwa na mashimo ya mviringo, mengi, kila moja limefagiliwa safi kama uwanja wa bibi harusi, na juu ya kila shimo samaki dume, gege, amesimama analinda. Nikaona na gege jike karibu na mguu wangu. Kivuli changu kilipompitia akafungua mdomo, na vitoto vyake vyote vikaingia humo. Akaufunga, akaniangalia. Juu ya kichwa changu ndege wafumao vikapu walikuwa wanalia, viota vyao vinaning'inia kwenye matete, vingine na makinda ndani.

Niliona. Hilo ndilo nataka ulijue kuliko mengine. Usije ukasema baba alikuwa hajui. Niliona kwamba ile ilikuwa nyumba ya watu wengine, nikaendelea.

Na unajua kwa nini niliendelea? Kwa sababu ya kitambaa. Kando ya maji kulikuwa na mstari wa matete machanga yaliyofungwa kwenye vijiti, na yamefungwa kwa vipande vya kanga. Kanga ile niliijua. Ilikuwa nyekundu, niliinunua mwenyewe Mbinga, nikaileta mgongoni. Nilipokuwa nikimuuliza imekwenda wapi, alisema imechakaa. Sasa niliikuta imechanwa vipande, imefungwa kwa uangalifu mahali nisipoingia, na nikasadiki kwamba hizo ni alama za kuitana. Matete machanga yamepandwa, yamefungwa yasilale na mawimbi, hata mtoto angeelewa. Mimi fundi wa miaka mingi niliona mwanamume.

Tukafyeka kila kitu. Viota vilielea siku mbili.

Ukuta ulipendeza. Wewe ulikuwa na miaka saba, ukabeba vijiwe vyako kwenye bakuli ukaviweka miguuni pangu, ukasema, "Baba, weka na cha kwangu." Nilikiweka. Ngazi nilizipiga lipu mara mbili. Siku ya kuzindua mwenyekiti alishuka nazo na viatu, akapanda tena, akashangiliwa.

Hakuna mwanamke hata mmoja aliyeoga pale. Utaogaje mahali panapoonekana kutoka kila baraza? Mimi niliyetaka kuona kila kitu nilikuwa nimefanikiwa, na hakukuwa na kitu cha kuona. Wakawa wanatembea mpaka ng'ambo ya kijito, wakipita kwenye mawe ya utelezi na ndoo na watoto mgongoni. Wiki ya pili wavuvi wakaja na kokoro, ule wavu mrefu wa kuvutwa mpaka ufukoni.

Hapo ndipo mimi mtu wa milimani nilipojifunza kilichokuwa kinajulikana na kila mtoto wa hapa. Mwanamume hatupi wavu wanapooga wanawake. Ni aibu. Hakuna sheria iliyoandikwa, hakuna mlinzi, hata Bwana Samaki na karatasi zake asingeweza kuweka ulinzi kama ule. Wanawake walikuwa wanaoga, na magege wakawa wanazaa, kwa sababu ya heshima tu. Nilipowaondoa wanawake, niliondoa mlango. Lile kokoro lilivutwa asubuhi moja likatoka limejaa magege wakubwa, majike yenye vitoto mdomoni vikitapikwa mchangani. Watu walifurahi, malori yalikuwa yanasubiri. Waliniletea na mimi mtungo mkubwa wa samaki kwa kunishukuru. Niliula. Mama yako hakugusa.

Mwaka uliofuata hapakuwa na magege wa kunishukuria.

Adhabu aliyonipa mama yako hukuielewa, ila uliiona. Uliniuliza siku moja, "Baba, mbona mama anakusemesha Kiswahili?" Nikakujibu kwamba anataka wewe uzoee lugha ya shule. Uongo. Aliacha kunisemesha Kinyasa tangu siku tuliyofyeka. Hakugomba, hakununa, chakula kilikuja kwa wakati. "Karibu chakula, Baba Skola." "Asante." "Maji ya kuoga yapo tayari." Kama tupo ofisini na mimi nimekuja kufuata fomu. Mtu asiyejua angesema nyumba ile ina amani.

Bwana Samaki alipohamishwa alipita kuaga. Mama yako alikuwa shambani. Akanikuta mimi hapahapa barazani, akaniamkia shikamoo, akakaa. Nilimwangalia soksi. Akatoa daftari mkobani akasema, "Mzee, hili ni la Mama Skola zaidi kuliko langu. Nilikuwa naomba wilayani ile sehemu ya kuogea itengwe iwe ya mazalia ya samaki. Wenye kujua walikuwa ni wao. Nilikuwa nasimama kule juu, mimi siwezi kuwasogelea akina mama wanaoga, wananitangazia wanachoona, mimi naandika." Kisha akacheka kidogo. "Mama Skola alikuwa ananitania kwamba nikigeuka nitakuwa chumvi."

Alipoondoka nililisoma. Kila ukurasa: magege wameanza kuchimba, Mama Skola kasema. Fisi maji wawili wameonekana, Mama Skola kasema. Matete yaliyopandwa yameshika upande wa mkuyu, Mama Skola kasema na wenzake wamethibitisha. Ndiyo hayo waliyokuwa wakifanya muda wote ule niliokuwa nikiuhesabu. Walikwisha kuona mwaloni kunavyoliwa, wakaanza kupanda kwa siri kwa sababu walijua wenye vichanja wangeyakata. Nililisoma daftari lile mara mbili nikitafuta kosa. Sikupata. Na unajua nilichoona badala ya kulia? Niliona jina la mke wangu limeandikwa mara nyingi hivyo kwa mwandiko wa mwanamume mwingine, nikalificha darini.

Ukuta ulianguka msimu wa pili wa baridi, mchana kweupe. Wewe ulikuwa umeshapelekwa kwa bibi yako Umatengo kuanza shule ya misheni. Mawimbi yaliyokuwa yakija kufia kwenye matete sasa yalikuwa yanagonga jiwe na kurudi na mchanga, kila pigo yanachimba chini ya msingi. Ufuko uliokuwa haujaliwa hata hatua ukaliwa kuliko mwaloni. Nilisimama pale juu nikaona kazi yangu inalala upande mmoja, polepole, ngazi zikienda nayo. Vilibaki vipande vichache karibu na mkuyu. Watu walirudi majumbani bila kunisema. Kila mmoja wao alikuwa amebeba jiwe.

Jioni ile mama yako akaja akakaa karibu yangu. Akasema, kwa Kiswahili chake cha ofisini, "Kwenu Umatengo mkichimba ngolo mnaanza na nini?"

Nikamwambia anajua. Tunafyeka majani, tunayalaza mistari ya kukatana, miraba miraba, ndipo tunafukia udongo juu yake na kuacha shimo katikati. Mvua ikija inapumzika kwenye mashimo, haishuki na mlima.

"Mnaanza na majani," akasema.

"Tunaanza na majani."

"Huku ulianza na mawe."

Skola, nimetoka kwa watu ambao wameulima mlima uliosimama wima kwa miaka isiyo na hesabu bila kuupoteza, na siri yao ni hiyo tu, kuyapa maji mahali pa kupumzika. Nilikinyonya hicho na maziwa. Nikashuka bondeni, nikapata saruji na wivu, nikasahau.

Tulianza upya sisi wawili, baadaye na wenzake. Tulikata matete mbali, kwenye kinamasi, sehemu ndogo tu kila mahali. Tukayafunga mafungu marefu tukayalaza chini ya ufuko miraba miraba kama ngolo, tukayapigilia vigingi, tukapanda miche kwenye mashimo yake. Mawe ya ukuta wangu tuliyatawanya mbele kidogo majini, yamelala ovyo na nafasi kati yake, wimbi livunjike na samaki apite. Kila wazo lilikuwa lake au la wenzake. Mimi nilipigilia vigingi. Alikuwa anasimamia huku amefunga kanga kiunoni, na siku ya tatu au ya nne, nilipogonga kidole badala ya kigingi, akasema kitu kwa Kinyasa, akacheka.

Magege walikawia. Ilichukua miaka. Wanawake walirudi kabla yao, na waliporudi wanawake, makokoro yaliondoka yenyewe.

Wewe uliporudi kutoka kwa bibi yako ukayakuta matete yameota mbele ya kile kipande cha ukuta, ukaenda kukitafuta kijiwe chako ukakiona bado kipo. Ukaniambia, "Baba, ukuta wako umeyashika matete." Ni kinyume, mwanangu. Matete ndiyo yanayoushika ukuta. Siku ile ningeweza kukusahihisha. Badala yake, usiku nilimwomba mama yako akuache uamini hivyo. Kisha akasema, "Kama unakihitaji sana hicho cheo, chukua." Na amekaa kimya mpaka leo, hata mwezi uliopita na ungo wake wa usipa.

Basi nimemaliza kuiba. Ndani ya sanduku lako, chini ya sweta, nimeweka timazi yangu. Chini ya timazi nimeweka lile daftari. Vumbi lake ni la darini, lipanguse. Watakufundisha mengi chuoni ambayo mimi sikufundishwa, na siku moja utatumwa kwenye ufuko fulani, Mbaha au Kihagara au ziwa lisilo letu, uambiwe unamomonyoka, jenga. Kabla hujavuta kamba, tafuta watu wanaooga pale. Kaa nao msimu mzima ukiweza. Na ukikuta kuna mahali unapopaonea hasira bila sababu ya kiufundi, mpe mwenzio kazi ile, wewe rudi nyumbani.

Wakikuuliza tena kwa nini unasomea ujenzi, taja mama yako. Itaniuma. Imeniuma tayari kuandika.

Limebaki moja, nalo halimo hata kwenye daftari. Tangu matete yaliporefuka tena, kila mama yako anaposhuka kuoga hutundika kanga yake kwenye kile kigingi cha pembeni, upande unaotazama nyumba yetu. Kwa muda mrefu nilidhani anaianika. Halafu siku moja ya manyunyu nikaiona inaning'inia inalowa, na nikajiuliza ni nani anaanika kanga kwenye mvua. Nikakumbuka vile vipande vyekundu. Skola, alijua. Alijua tangu mwanzo kwa nini nilifyeka. Anaitundika ili mimi niliyekaa barazani nijue alipo na moyo wangu utulie. Hajawahi kusema, na mimi sijawahi kumwambia kwamba nimegundua, kwa sababu, Mungu anisamehe, ilinipendeza. Miaka yote hii nimekunywa chai yangu ya jioni nikiitazama kanga ile kama askari anayetazama bendera yake.

Leo zimetundikwa mbili, ya kwake nyekundu na ya kwako ya njano. Umejifunza kwake bila kuambiwa maana yake, na hilo limeniumiza kuliko yote niliyoyaandika hapa. Sitaki mwanangu akaoge popote duniani akitundika alama kwa ajili ya mtu aliyekaa barazani. Huko uendako usiitundike. Akitokea mtu anayetaka kuiona, mwambie baba yako alikuwa mtu wa namna hiyo, na kwamba iligharimu ziwa.

Kesho gari likishakwea mlima nitamwambia mama yako aache. Nitamwambia kwa Kinyasa, hata akinicheka.

Ya njano imeshuka sasa hivi. Mnakuja. Ya kwake bado ipo, huiacha mpaka mwisho. Nimegeuza kiti. Hii mistari ya mwisho naiandika nimeyapa matete mgongo, kama alivyosimama yule kijana mwenye soksi nyeupe, na namsikia mama yako anacheka, wala sijui anacheka nini.

Mimi baba yako,
Gaudensi